Namna ya kusoma lebo za snaki za "afya" bila kuchezwa na sevingi

Ukiingia supamaketi yoyote hapa Nairobi, iwe ile kubwa ya moli ama ile ndogo ya mtaani karibu na steji, siku hizi lazima ukute shelfu ya vitu vya "afya". Granola, krispi za ndizi na za nduma, embe kavu, korosho, baa za protini, biskuti za oti, nusu yake zimefungwa kwa karatasi ya khaki na picha ya jani la kijani. Geuza mbili tatu uangalie mstari mmoja tu, ule wa sevingi, yaani kiasi ambacho kampuni imeamua ndicho utakula kwa mara moja. Granola gramu 30. Krispi gramu 25. Embe kavu gramu 20. Biskuti mbili. Sasa niambie unamjua nani anayefungua paketi ya krispi ya gramu 100 ndani ya matatu ya Thika Road, jamu imekamata pale Roysambu, anakula robo, anakunja paketi vizuri, anairudisha kwa begi na kungoja kesho.

Mimi simjui. Kampuni pia haimjui, lakini ndiye wamemwandikia lebo.

Namba zenyewe mara nyingi ni za kweli, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa, juu ukienda kulalamika utaambiwa kila kitu kimeandikwa hapo nyuma, na kweli kimeandikwa, shida ni kwamba kimehesabiwa kwa kipande ambacho hakuna mtu hula. Kwa hivyo achana na sevingi kabisa, piga hesabu yako mwenyewe kwa kile utakachokula wewe. Haitaki kisomo kikubwa, kalkuleta ya simu inatosha, na ukishazoea unaimaliza ukiwa umesimama pale pale kwa shelfu kabla mtoto hajaanza kuvuta trolii.

Namba tatu za kutafuta

Ya kwanza iko mbele, chini kwenye kona, kwa maandishi madogo: uzito wa paketi nzima bila karatasi yake. Ya pili iko nyuma, juu ya jedwali: ukubwa wa sevingi, na wakati mwingine idadi ya sevingi zilizo ndani. Ya tatu ndiyo ya maana kuliko zote, ni ile safu iliyoandikwa "per 100g", kwa vinywaji itakuwa mililita 100. Hiyo hakuna mtu anaweza kuifinya. Gramu 100 ni gramu 100 hata iwe ya kampuni gani, kwa hivyo ndiyo pekee unayoweza kulinganishia paketi mbili.

Angalia hapa. Paketi moja inasema sevingi ni gramu 25 na ndani yake sukari gramu 7. Ya jirani yake inasema sevingi gramu 40, sukari gramu 9. Ukiangalia haraka haraka utachukua ya kwanza, saba si ni kidogo kuliko tisa. Peleka zote kwa gramu 100 uone: ya kwanza ni 28, ya pili ni 22.5. Umebeba yenye sukari zaidi ukidhani umejitunza.

Sasa tuchukue granola, juu granola ndiyo naona inaficha mambo kuliko zote. Huu ni mfano wa kutunga, si wa kampuni yoyote, lakini namba zake ni za kawaida kabisa kwa granola. Paketi gramu 400. Kwa gramu 100: kalori 460, sukari gramu 22, mafuta gramu 18. Sevingi gramu 30. Hapo mbele wataandika kwa herufi kubwa kalori 138 kwa sevingi, na sukari itakuwa gramu 6.6, maskini ya Mungu haina neno. Nenda nyumbani sasa, weka mizani ya jikoni mezani, juu yake lile bakuli lako la kila siku, irudishe kwa sifuri halafu mimina vile huwa unamimina ukiwa umechelewa kazi. Usijionee huruma, mimina kawaida. Gramu 30 za granola hazifiki hata nusu kikombe, zinafunika tu sehemu ya chini ya bakuli na bado unaona maua yaliyochorwa pale ndani. Bakuli la mtu mzima mwenye njaa linaenda 80, 90, hata 100. Kwa gramu 90 umekula kalori 414 na sukari karibu gramu 20, na kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kwa hivyo hivyo ni vijiko vitano, hujaweka maziwa, hujaweka asali, hujakata ndizi juu.

Kama huna mizani usihangaike. Zile ndogo za betri zinapatikana town kwa maduka ya vyombo, lakini kuna njia haitaki hata mizani na mimi naona ni bora zaidi, juu inapima wiki nzima, haipimi ile siku moja umejichunga. Siku ukifungua paketi andika tarehe juu yake na kalamu. Kila ukikula weka alama. Ikiisha chukua uzito wa paketi ugawe kwa hizo alama. Granola ya gramu 400 ikiisha kwa alama nne, wewe bakuli lako ni gramu 100, kampuni iseme 30 hadi asubuhi. Kama mnakula wawili kila mtu aweke alama yake. Mtoto akikataa kuweka alama usimlaumu, ongeza tu alama moja ya wizi.

Kukiwa hakuna safu ya gramu 100

Hii utaikuta sana kwa vitu vilivyotoka Marekani, zile baa na nati ambazo hukaa karibu na kaunta za hizi supamaketi za pesa. Ulaya sheria yao, namba 1169 ya mwaka 2011, inalazimisha namba za gramu 100 au mililita 100 ziandikwe, sevingi ni ya hiari. Marekani ni kinyume, jedwali lao limejengwa juu ya sevingi. Kwa hivyo unalifungua mwenyewe: chukua namba ya sukari, gawa kwa gramu za sevingi, zidisha kwa 100. Sevingi gramu 28, sukari gramu 8, hiyo ni 28.6 kwa gramu 100. Basi.

Haki yao niseme, Wamarekani walijaribu kurekebisha. Mwaka 2016 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilitoa lebo mpya, sevingi zikapandishwa zikaribie kile watu wanakula kweli, kwa mfano aiskrimu ikatoka nusu kikombe ikawa theluthi mbili ya kikombe, na mstari wa sukari iliyoongezwa ukawekwa peke yake. Huo mstari wa sukari iliyoongezwa ni mzuri sana na natamani ungekuwa kwa kila paketi inayouzwa hapa kwetu. Lakini kuna tundu lilibaki. Kule ukiwa na sukari chini ya nusu gramu kwa sevingi unaruhusiwa kuandika sifuri, na mafuta ya trans, yale yanayoumiza moyo, ni hivyo hivyo, na kalori zikiwa chini ya tano pia sifuri. Mfano unaojulikana dunia nzima ni Tic Tac: punje moja ni gramu 0.49, karibu yote ni sukari, na kwa lebo ya Marekani sukari imeandikwa sifuri, juu sevingi ni punje moja. Hakuna aliyevunja sheria. Mafuta ya kupuliza kwenye sufuria nayo, unakuta sevingi ni kupuliza kwa robo sekunde ndio isemekane hayana mafuta. Jaribu kubonyeza robo sekunde uone.

Kwa hivyo ukiona sifuri kwenye jedwali la aina hiyo, kwanza angalia sevingi ni ndogo kiasi gani, halafu shuka kwa orodha ya viungo. Kama sukari iko kwa viungo na jedwali linasema sifuri, amini viungo.

Na kuna ile ya stika. Bidhaa ya kutoka nje, muagizaji amebandika stika yake nyeupe palepale juu ya jedwali. Pengine ni bahati mbaya tu, sijui, lakini stika mara nyingi ina kona iliyolegea na mimi sioni haya kuichungulia.

Ngapi ni nyingi?

Umepata namba za gramu 100, sasa uzifanyie nini. Hapa mimi naazima rangi za Waingereza, zile za taa za barabarani wanazoweka mbele ya paketi, juu mipaka yake ni rahisi kukariri na imewekwa kwa gramu 100. Sukari zaidi ya 22.5 ni nyekundu, 5 kushuka ni kijani. Mafuta yote kwa jumla, zaidi ya 17.5 nyekundu, 3 kushuka kijani. Yale mafuta magumu, lebo huyaita "saturated", zaidi ya 5 nyekundu, 1.5 kushuka kijani. Chumvi zaidi ya 1.5 nyekundu, 0.3 kushuka kijani. Vinywaji vina mipaka yake midogo zaidi, sukari nyekundu inaanzia 11.25 kwa mililita 100.

Chumvi ina kamtego kake. Paketi nyingi hapa haziandiki chumvi, zinaandika sodiamu, tena kwa miligramu. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Sodiamu miligramu 600 ni chumvi gramu 1.5, ushafika kwa mpaka wa nyekundu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe sodiamu miligramu 2000 kwa siku, yaani chumvi gramu 5, na hiyo ni siku nzima pamoja na sukuma wiki ya jioni na kachumbari. Mwenye presha nyumbani aanzie hapa kabla hata ya sukari.

Kuhusu sukari hao hao wanasema sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa mtu wa kalori 2000 hiyo ni gramu 50, na wanasema ingekuwa bora zaidi ukishuka hadi 25. Sasa chukua chupa ya juisi ya mililita 500 iliyoandikwa tunda tunda mbele, tuseme ina sukari gramu 11 kwa mililita 100. Nyuma sevingi ni mililita 200, gramu 22, unaona ni sawa. Chupa nzima ni gramu 55. Umemaliza siku yako na saa nne ya chai haijafika. Na chupa ya mililita 500 bana, nani huigawa mara mbili na nusu?

Kuna ile safu ya asilimia pia, ile inayoonyesha umechukua sehemu gani ya kiwango cha siku nzima. Nyingi huhesabiwa kwa mtu wa kalori 2000 na kwa sevingi moja, kwa hivyo ukila sevingi tatu zidisha mara tatu. FDA wana kanuni ya haraka, asilimia 5 ni kidogo na 20 ni nyingi. Kwa hiyo sodiamu asilimia 9 inaonekana ya katikati hadi ukumbuke umemaliza paketi yenye sevingi nne.

Maneno ya mbele ya paketi

Mbele ya paketi ni tangazo, nyuma ndiyo habari. Lakini mengine ya hayo maneno yana maana iliyowekwa, na ukiijua unaweza kuyakagua. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinasema kitu kigumu kikiitwa chenye mafuta kidogo kisizidi gramu 3 za mafuta kwa gramu 100. Kisicho na sukari kisizidi nusu gramu kwa gramu 100. Kinachojisifu kina faiba, yaani nyuzinyuzi, kiwe na angalau gramu 3 kwa gramu 100, na kile cha faiba nyingi 6. Huku kwetu kuna viwango vya Afrika Mashariki ambavyo KEBS, shirika la viwango la Kenya, inavitumia, EAS 803 ni ya jedwali la lishe, EAS 804 na 805 ni za madai ya mbele. Sasa chukua biskuti za "faiba nyingi" na uangalie kama sita iko. Nyingine utakuta faiba haiko hata kwa jedwali, wamejaza tu picha ya ngano.

"Haina kolesteroli" kwenye krispi, njugu, mafuta ya kupikia. Hii hunichekesha kila mara. Kolesteroli hutoka kwa vitu vya wanyama, ndizi haijawahi kuwa nayo, karanga haijawahi, alizeti pia. Ni kweli kabisa na haikusaidii na chochote, mafuta na kalori ziko pale pale.

"Haijaongezwa sukari" hii ndiyo inaumiza watu wenye kisukari. Inaweza kuwa kweli hawakuongeza sukari ya kawaida, lakini ndani kuna tende zilizosagwa na zabibu kavu. Zabibu mbichi ina sukari gramu 15 hivi kwa gramu 100, ikikaushwa maji yanaenda na sukari inabaki, inafika karibu 60. Tende nazo zinapita 60. Hizo baa za tende na nati ni tamu na si chakula kibaya, lakini ukimpa mzee wa kisukari ukidhani hazina sukari juu imeandikwa hivyo, mashine ya kupima itakuambia ukweli kabla yangu. Kwa mtu wa kisukari soma mstari wa wanga wote kwa jumla, halafu ule wa sukari, halafu uzito wa kile anakula, na dozi ya dawa usiibadilishe kwa sababu ya lebo, hiyo ni ya daktari wake.

"Haina sukari kabisa" ya chokoleti na biskuti, soma viungo utafute maltitoli, sorbitoli, xylitoli. Haya majina ni jamii moja ya vitu vitamu vinavyotengenezwa kutoka kwa sukari, Ulaya wanavihesabia kalori 2.4 kwa gramu, kwa hivyo si sifuri, na ukizidisha tumbo litakusumbua vibaya. Usijaribu kabla ya safari ya Mombasa kwa basi.

"Protini nyingi" ina hesabu nzuri. Chukua gramu za protini, zidisha kwa 4, gawa kwa kalori. Ulaya wanasema ikiwa protini inatoa angalau asilimia 20 ya kalori ndio uite nyingi, na 12 ndio uite chanzo cha protini. Baa ya kalori 210 yenye protini gramu 6: 24 kugawa kwa 210 ni asilimia 11. Hata hiyo ya chini haijafika, hiyo ni biskuti ya bei ya jimu. Mayai mawili ya kuchemsha, yale ya kwa mtu wa smokie pale steji na kachumbari, yana protini kama gramu 12 na kalori hazifiki 160. Sisemi mayai ndiyo kila kitu, nasema tu linganisha kabla hujatoa pesa.

"Ni ndizi tu." Krispi za ndizi. Ndizi mbivu ya kawaida ina kalori 89 kwa gramu 100, krispi zake karibu 520. Hakuna uchawi, ndizi ni robo tatu maji, maji yakatoka, mafuta yakaingia. Nduma na mhogo ni hadithi ileile. Na zile zimeandikwa zimeokwa hazijakaangwa, sawa, lakini soma mstari wa mafuta, kuna zingine zimepakwa mafuta ndio zikaokwa.

Njugu na korosho hazina shida na mimi nazila, ila mkono wako ndio sevingi. Karanga ni kalori kama 567 kwa gramu 100, korosho 553, makadamia zinafika 718. Gramu 30 za karanga ni kalori 170, ni kiganja kimoja kilichofungwa, si kopo zima mbele ya mechi. Na karanga zile za karatasi za mama wa barabarani na zile za paketi ya khaki yenye jani, ni karanga hizohizo, tofauti ni bei na pengine chumvi.

"Mafuta yamepunguzwa", uliza yamepunguzwa kutoka wapi, na angalia sukari kama haijapanda kuziba pengo. Hiyo imetosha.

Orodha ya viungo

Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Kwa hivyo soma vitatu vya kwanza na umejua paketi ni ya nini. Hila iliyoko hapa ni kuigawa sukari iwe majina matano madogo ndio hakuna hata moja litakalokaa mbele: oti, halafu asali, sharubati ya glukosi, sukari guru, juisi iliyokolezwa, maltodekstrini. Ukizijumlisha zote pengine zimeipita oti, lakini oti ndiyo imekaa mbele kama mwenyekiti. Zunguka kila kitu kinachotamu ama kinachogeuka sukari haraka mwilini kwa macho yako na uhesabu, kama viko zaidi ya vitatu kwa paketi moja ya "afya" mimi huirudisha. Na kama mbele kuna picha ya stroberi, tafuta asilimia yake kwa viungo, mara nyingine ni mbili, mara nyingine ni ladha tu.

Kukagua kama jedwali lenyewe limepikwa

Hii ni ya zile biashara ndogo ndogo zinazouza kwa mtandao na kwa maofisi, mitungi na paketi zenye stika safi sana. Wengi ni watu wazuri wanapika vizuri, lakini kuna wanaochukua jedwali la bidhaa nyingine na kulibandika. Kuna njia ya kujua. Gramu moja ya protini inatoa kalori 4, wanga 4, mafuta 9, faiba kama 2. Zidisha ujumlishe uone kama inakaribia kalori walizoandika.

Paketi moja ya krispi ilipita ofisini kwetu, sitaitaja, ilisema kwa gramu 100: protini 2, wanga 55, mafuta 32, kalori 310. Piga: 2 mara 4 ni 8, 55 mara 4 ni 220, 32 mara 9 ni 288. Jumla 516. Kalori 206 zimepotelea wapi? Mafuta peke yake yanakaribia kumaliza ile 310. Tofauti ndogo ya kumi ishirini ni kawaida, watu hukadiria na kuna faiba, lakini mia mbili si kukadiria. Angalia pia protini, wanga na mafuta zikijumlishwa zisipite 100, nimeziona zikifika 112 na hapo hata hakuna haja ya kuendelea. Kosa lingine ni la kilojuli kuandikwa kama kalori ama kinyume. Kilojuli gawa kwa 4.2 upate kalori, 1900 ni kama 450.

Ukikuta kitu hakiko sawa

Alama ya ubora ya KEBS haisemi kitu ni cha afya, inasema kimepita kiwango chake, na biskuti ya sukari inaweza kupita kiwango cha biskuti bila wasiwasi. Bado ni ya maana juu ina namba ya kibali chini yake: tuma SM#, halafu hiyo namba, kwenda 20023 na utajibiwa ni ya nani, ya bidhaa gani na kama bado ni hai. Bidhaa ya krispi ikijibiwa kibali ni cha maji ya chupa, hapo una kesi.

Malalamiko ya lebo ya uongo unayapeleka KEBS wenyewe, wako South C, ama Mamlaka ya Ushindani, ile CAK, juu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 kifungu cha 55 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa. Katiba yenyewe kifungu cha 46 inakupa haki ya kupata habari unazohitaji kuhusu unachonunua, kwa hivyo usiende kama mtu anayeomba. Lakini lalamikia namba, usilalamikie sevingi ndogo peke yake, hiyo watakuambia imeandikwa. Peleka ile hesabu ya 516 dhidi ya 310, ama dai la faiba nyingi na jedwali lenye gramu mbili. Piga picha mbele, picha nyuma, jedwali kwa karibu hadi lisomeke, namba ya bechi, tarehe za kutengenezwa na kuisha, na risiti. Andika umenunua wapi na lini. Paketi yenyewe usiitupe hadi wakujibu, na kama kuna krispi zimebaki ndani ziache hapo hapo, watazitaka za kupima.